Nani Amekunyima Kumbukumbu?

Ujumbe wenyewe ni wa maneno matatu: Cannot allocate memory. Siku nyingine hupati hata huo. Linatokea neno moja tu, Killed, kisha mstari wa amri unarudi kimya kama mtu aliyekukanyaga mguu kwenye daladala akaendelea na safari yake. Unaandika `free -h` uone kama kweli seva imeishiwa, na hapo ndipo unapochanganyikiwa: zaidi ya gigabaiti mbili bado zipo. Mashine inasema haina, na mashine hiyohiyo inasema inazo.

Kauli zote mbili zinaweza kuwa za kweli. Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba sita na simtanki moja juu ya mnara. Bomba la chumba chako likikauka, huenda tanki limeisha. Lakini pia huenda mwenye nyumba kafunga koki ya chumba chako peke yake, au ndoo uliyokinga ni ndogo na imeshajaa. Ukikimbilia kununua tanki la pili wakati koki ndiyo iliyofungwa, umetupa fedha.

Mashine pepe iko hivyohivyo, iwe VPS ya kukodi, au mgeni wa VMware au KVM ofisini; kontena la Docker nalo ni vivyo hivyo. Wenye uwezo wa kukunyima kumbukumbu ni wanne: programu yenyewe, kontena linaloizunguka, kerneli ya mashine mgeni, na mwenyeji aliye chini ya wote. Kila mmoja ana namna yake ya kukataa, na kila mmoja anaacha alama mahali pake. Kwa hiyo kabla ya kuongeza RAM, kabla ya kutengeneza swapu, tafuta kwanza aliyekataa.

Anza na ushahidi

Usiwashe seva upya. Najua kidole kinawasha, hasa simu za wateja zikianza kuingia, lakini nusu ya unachokitafuta kitapotea. Tumia dakika tatu kwa amri hizi:

`free -h`
`swapon --show`
`systemd-detect-virt`
`sudo dmesg -T | grep -iE 'out of memory|killed process|allocation failure'`

Kwenye `free`, soma safu ya available, achana na ile ya free. Linux haipendi kumbukumbu ikae bure, kwa hiyo huijaza kashe ya mafaili na kuiachia ikihitajika. Safu ya free kuwa ndogo si ugonjwa. Ikiwa seva ilishawashwa upya kabla hujafika, jaribu `journalctl -k -b -1`. Logi za kerneli za kipindi kilichopita huenda zimehifadhiwa.

Sasa soma mstari wa kifo neno kwa neno. Ukianza na Out of memory: Killed process, mashine mgeni nzima iliishiwa. Ukianza na Memory cgroup out of memory: Killed process, mashine ilikuwa nzima, ila kontena au huduma moja iligonga kikomo chake. Maneno mawili ya mwanzo yanakuelekeza njia tofauti kabisa, na nimeona watu wazima wakiongeza RAM ya seva mara mbili kwa sababu hawakuyasoma.

Namba 137, msimbo ambao mchakato hutoka nao, nayo hutajwa sana. Ni 128 jumlisha 9, yaani mchakato umepigwa ishara namba 9, ile isiyokatalika. Lakini yenyewe si ushahidi wa njaa ya kumbukumbu. `docker stop` ikisubiri sekunde kumi bila programu kujifunga, nayo hutuma 9, na utaona 137 ileile. Thibitisha kwa `docker inspect`, sehemu ya OOMKilled.

Programu inapojinyima yenyewe

Hili ndilo jepesi kuliko yote, na bado hupoteza siku za watu. PHP ikiandika Allowed memory size of 134217728 bytes exhausted, kerneli haihusiki. Hizo baiti ni megabaiti 128, kikomo cha kawaida cha `memory_limit` ndani ya `php.ini`. Java ikiandika Java heap space, imegonga kikomo chake yenyewe. Katika hali hizi unaweza kuweka swapu ya gigabaiti mia na kosa litabaki palepale.

Kuna jingine la kificho: `vm.max_map_count`, idadi ya vipande vya kumbukumbu ambavyo mchakato mmoja unaruhusiwa kuvishika. Kwa miaka mingi kiwango cha kawaida cha Linux kimekuwa 65530, na Elasticsearch hutaka angalau 262144. Ukifika ukomo, jibu ni lilelile la kunyimwa kumbukumbu, ingawa kilichoisha ni idadi ya vipande na RAM ipo. Angalia pia `ulimit -v` kwa mtumiaji anayeendesha programu hiyo.

Kerneli na ahadi za fundi cherehani

Hapa ndipo kitendawili cha mwanzo kinapofumbuliwa. Programu ikiomba gigabaiti moja, kerneli haiipi gigabaiti. Inaipa ahadi. Kurasa zenyewe hutolewa moja moja, pale programu inapoanza kuandika. Na kwa kuwa programu nyingi huomba kuliko zinavyotumia, kerneli huahidi zaidi ya ilicho nacho, kama fundi cherehani wiki moja kabla ya Idi: vitambaa vya mtaa mzima anavipokea, kila mtu anaambiwa njoo asubuhi ya sikukuu. Wakija wachache, mambo yanakwenda. Wakija wote kwa pamoja, kuna mtu atakwenda msikitini na kanzu ya mwaka jana. Kwenye Linux, kumchagua mtu huyo ni kazi ya kitengo kinachoitwa OOM killer.

Kiasi cha kuahidi kinaamuliwa na `vm.overcommit_memory`. Thamani 0 ndiyo ya kawaida: kerneli inakadiria na kukataa maombi yaliyopindukia tu. Thamani 1 inakubali kila ombi. Thamani 2 ni fundi mwadilifu: haahidi zaidi ya kikomo kilichopigiwa hesabu, nacho ni swapu yote jumlisha asilimia ya RAM, ambayo kwa kawaida ni 50. Tazama:

`cat /proc/sys/vm/overcommit_memory`
`grep -i commit /proc/meminfo`

Seva ya gigabaiti 4 isiyo na swapu, ikiwa kwenye 2, ina CommitLimit ya takriban gigabaiti 2. Committed_AS ikifika hapo, ombi linalofuata linakataliwa, hata kama programu zimeandika gigabaiti moja na robo tu na nyingine zimelala. Ndiyo maana `free` inakuonyesha utajiri huku programu zinalia njaa. Mara nyingi mtu aliyefuata ushauri wa PostgreSQL aliweka 2 ili hifadhidata isiuawe ghafla, jambo la busara, kisha akasahau kupandisha `vm.overcommit_ratio` au kuweka swapu.

Angalia sasa jambo ambalo miongozo mingi hulipita: katika hali ya 2, swapu ya gigabaiti 2 inapandisha kikomo cha ahadi kwa gigabaiti 2 hata kama haitaandikwa baiti moja maisha yake yote. Wanaosema "swapu yangu haitumiki, naifuta" wanaweza kuamka asubuhi na huduma zinazokataa kuwaka.

Redis inaumia hapa kwa njia yake. Ikihifadhi data kwenye diski hujigawa kuwa michakato miwili inayotumia kurasa zilezile, na kimahesabu pacha huyo anahitaji ahadi ya ukubwa uleule. Kerneli kali itakataa. Ndiyo sababu Redis yenyewe, inapowaka, hukuonya uweke `vm.overcommit_memory = 1`. Kwenye seva inayoishi na Redis peke yake, itii. Kwenye seva iliyochanganya kila kitu, fikiri kwanza.

Ukiona page allocation failure: order:4, hilo ni kabila jingine. Kerneli ilitaka kurasa 16 zilizopangana mfululizo, kilobaiti 64, ikapata nafasi zilizotawanyika kama viti vya daladala saa ya jioni: vipo, ila familia haikai pamoja. Swapu haitibu moja kwa moja. `echo 1 > /proc/sys/vm/compact_memory`, ukiwa root, huzipanga upya.

Kontena na kioo cha uongo

Ndani ya kontena la Docker, `free` husoma mashine ya nje. Kontena lililopewa megabaiti 512 linaweza kukuonyesha gigabaiti 16 na usijue unasoma mali ya jirani. Ukweli uko hapa, kwa mifumo yenye cgroup toleo la 2:

`cat /sys/fs/cgroup/memory.max`
`cat /sys/fs/cgroup/memory.current`
`cat /sys/fs/cgroup/memory.swap.max`
`cat /sys/fs/cgroup/memory.events`

Katika faili la mwisho, mstari wa oom_kill ni daftari la vifo. Ukiwa juu ya sifuri, aliyekataa umempata.

Java ilidanganywa na kioo hiki kwa miaka. Matoleo ya kabla ya JDK 10, isipokuwa JDK 8 za kuanzia 8u191, yaliangalia RAM ya mwenyeji na kujitengea robo yake: kwenye mashine ya gigabaiti 16, Java iliyofungiwa gigabaiti 1 ilijiona ina haki ya 4, ikapanuka, ikauawa. Siku hizi inasoma kikomo cha kontena na bado huchukua robo, ambayo mara nyingi ni kidogo mno. Rekebisha kwa `-XX:MaxRAMPercentage`.

Swapu kwenye Docker ina mtego wa jina. `--memory-swap` si kiasi cha swapu, ni jumla ya kumbukumbu na swapu. Ukiandika `--memory 512m --memory-swap 1g`, swapu yako ni megabaiti 512. Ukizifanya namba mbili ziwe sawa, hakuna swapu kabisa. Ukiacha ya pili, Docker hukupa swapu inayolingana na kumbukumbu, ikiwa mwenyeji anayo. Lakini `memory.swap.max` ya cgroup toleo la 2 ni swapu pekee yake, bila kujumlisha, kwa hiyo usinakili namba kutoka huku kwenda kule.

Usiku niliopigana na mlango wa ukutani

Miaka kadhaa iliyopita nilikodi seva ya bei ya kutupa kwa ajili ya tovuti ndogo. MySQL ikawa inakufa kila usiku. Nikafanya linalofanywa na kila mtu, nikatengeneza faili la swapu, na `swapon` ikajibu Operation not permitted. Nilikuwa root. Nikabadilisha ruhusa, nikaunda faili upya, nikasoma hadi adhana ya alfajiri. Mwishowe nikaandika `systemd-detect-virt`, jibu likawa: openvz.

OpenVZ haikupi mashine kamili. Wapangaji wote wanatumia kerneli moja ya mwenyeji, na swapu ni mali ya kerneli hiyo, kwa hiyo mpangaji hana cha kuwasha. Ukijikuta humo, au ndani ya LXC, acha kupigana. Kwenye OpenVZ za zamani fungua `/proc/user_beancounters` na utazame safu ya mwisho, failcnt. Mstari wenye namba kubwa kuliko sifuri ndio koki iliyofungwa; mara nyingi ni privvmpages, inayohesabiwa kwa kurasa za kilobaiti 4, hivyo kikomo cha 65536 ni megabaiti 256. Dawa ni kupunguza matumizi, kumwomba mwenyeji, au kuhamia KVM, ambako kerneli ni yako na swapu ni yako. Mimi nilihama.

Mwenyeji anapochukua bila kubisha hodi

Mwaka 2002 Carl Waldspurger alieleza mbinu za VMware ESX za kugawa kumbukumbu, mojawapo ikiwa ile ya puto. Dereva mdogo ndani ya mashine mgeni anaomba kumbukumbu kama programu yoyote, anaishikilia, na mwenyeji anaichukua akampe mgeni mwingine. KVM nayo ina puto lake, virtio-balloon. Kwenye VMware, ukiwa ndani, unaona kumbukumbu imetumika lakini huoni aliyeitumia: jumla ya michakato yote kwenye `ps` inafika gigabaiti 2, `free` inadai zimetumika 6. Pengo hilo likukumbushe puto. Kwa VMware, uliza:

`vmware-toolbox-cmd stat balloon`
`vmware-toolbox-cmd stat swap`
`vmware-toolbox-cmd stat memlimit`

Ya tatu hufichua kosa la ofisini lililozoeleka kuliko yote. Mashine ilinakiliwa kutoka kiolezo chenye kikomo cha gigabaiti 4. Baadaye msimamizi akaipandisha hadi 8, kikomo akakisahau. Mgeni anaamini ana 8. Ya tano hadi ya nane inahudumiwa na puto na diski ya mwenyeji. Seva inakuwa nzito bila sababu inayoonekana kutoka ndani. Ondoa kikomo; kama mashine ni ya maana, iwekee akiba iliyohakikishwa. Kumbuka pia kuwa ESXi, inapowasha mgeni, hutengeneza faili la .vswp lenye ukubwa wa RAM uliyompa kutoa akiba hiyo. Hifadhi ikikosa nafasi, mgeni hawaki kabisa.

Na kama mgeni alizima ghafla kama umeme uliokatika, logi zake zikaishia katikati bila neno la kuaga, tafuta kwenye dmesg ya mwenyeji. Kwa KVM kila mgeni ni mchakato wa qemu, na mwenyeji akiishiwa anaweza kumuua mzimamzima.

Kwa anayetumia WSL2 kwenye laptopu, mwenyeji ni Windows. Kwa kawaida Linux hupewa nusu ya RAM na swapu ya robo, hivyo laptopu ya gigabaiti 8 inakuwa seva ya gigabaiti 4. Badilisha `memory=` na `swap=` chini ya `[wsl2]` ndani ya faili la `.wslconfig` kwenye folda yako ya mtumiaji, kisha `wsl --shutdown`.

Swapu, ikiwa kweli ndiyo dawa

Ukishahakikisha kwamba aliyekataa ni kerneli ya mgeni, na kerneli hiyo ni yako, endelea:

`sudo dd if=/dev/zero of=/swapfile bs=1M count=2048`
`sudo chmod 600 /swapfile`
`sudo mkswap /swapfile`
`sudo swapon /swapfile`

Kisha ongeza kwenye `/etc/fstab` mstari `/swapfile none swap sw 0 0`, la sivyo itapotea seva ikiwashwa upya. Natumia dd kwa makusudi, ingawa ni ya polepole: faili lenye mashimo hukataliwa na swapon. Picha nyingi za seva za wingu huja bila swapu hata kidogo, kwa hiyo usidhani ipo.

Ukubwa? Kwa seva ya gigabaiti 1 mimi huweka 1 au 2, si zaidi. Swapu kubwa kwenye diski ya polepole haiokoi seva, inairefushia sakarati: badala ya mchakato mmoja kufa kwa sekunde moja, mashine nzima inaganda nusu saa na huwezi hata kuingia kwa SSH. Acha `vmstat 1` ikimbie dakika moja saa za kazi. Safu za si na so zikicheza sifuri, huna shida. Zikiwa na mamia bila kupumzika, unahitaji RAM. Na `vm.swappiness` ya 60 haimaanishi swapu itaanza RAM ikifika asilimia 60, hata kama umelisikia hilo mara ngapi. Ni mizani kati ya kutoa kurasa za programu na kutoa kashe. Ukitaka kuongeza swapu wakati seva imebanwa, unda faili la pili. `swapoff` ya la kwanza inahitaji RAM ya kurudishia kilichomo, nayo ndiyo huna.

Mshtakiwa asiye na hatia

OOM killer humpendelea aliye mkubwa, na mkubwa mara nyingi ni hifadhidata. Unaona mysqld amekufa, unamlaumu mysqld. Piga hesabu kwanza. Seva ya megabaiti 2048: mfumo 300, MySQL 512, zinabaki 1236. Mchakato mmoja wa PHP-FPM unakula 60, basi nafasi ni ya michakato 20. Ukiangalia `pm.max_children` unakuta 50, mtu alinakili mahali. Siku matokeo ya mtihani yanapotoka wageni 50 wanaingia pamoja, PHP inataka megabaiti 3000, na anayepigwa risasi ni MySQL. Weka 18, mgeni wa kumi na tisa asubiri kidogo kwenye foleni.

Baada ya hapo mlinde unayemtaka aishi. Kwenye huduma ya systemd ya hifadhidata, `OOMScoreAdjust=-500` inampunguzia uwezekano wa kuchaguliwa. Kwenye huduma mlafi, `MemoryMax=` inahakikisha anakufa yeye chumbani kwake bila kubomoa nyumba.

Ukilazimika kumwandikia mwenyeji

Usiandike "seva yangu inasumbua". Mpe jibu la systemd-detect-virt, mstari kamili wa dmesg, `free -h`, na kiwango cha puto kama kipo. Na uwe mwangalifu na saa. Logi nyingi za seva ziko kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu, na sisi wenyewe tunahesabu tofauti na saa ya kompyuta. Hitilafu uliyoishuhudia saa nane usiku wa kuamkia Jumanne ni 02:00 kwenye simu yako, na kwenye logi yake imeandikwa 23:00 ya Jumatatu. Andika zote mbili, vinginevyo atafungua siku isiyo yake na kukujibu kwamba hakuna alichokiona.